Jina Lisilo na Mtu

Ashura aliingia uani Jumatano ya Juma Kuu, jua likiwa kali, wifi yake Mektilda akichambua dagaa wa Nyasa kwenye ungo. Aliteremsha kikapu chake, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameinamia gurudumu la baiskeli ya mteja, akasema, "Hujambo, Jumanne."

Mkono wa Mektilda ulisimama juu ya ungo.

Mtu asiyeijua nyumba ile asingeona neno hapo. Dada mkubwa kamsalimu mdogo wake, basi. Lakini kwao Lusewa Jumanne hakuwa mdogo wa mtu. Babu yao alipofariki, mtoto aliyefuata kuzaliwa katika ukoo ndiye huyu, na wazee wakamvika jina la marehemu, wakamfunga kitambaa cheupe mkononi mbele ya watu wote. Tangu hapo Ashura, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia, alimfuta kamasi huku akimwita Babu. Walipokua alimpigia goti na kumwambia shikamoo, naye akimwitikia marahaba mjukuu wangu. Msiba kule haukuzungumzwa mpaka Jumanne afike kutoka Songea. Binti hakuozwa mpaka Jumanne aitike. Watani waliwacheka, wao wakacheka pia, lakini goti lilipigwa.

Jumanne alinyanyua uso. Kinywa kilikuwa kimeshajiandaa kusema marahaba. Akafuta grisi mikononi kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa grisi tupu.

"Karibu," alisema hatimaye. "Habari za huko?"

"Huko wazima. Wanauliza tu."

Hakusema wanauliza nini. Mektilda alinyanyuka akamtandikia mkeka kivulini, akamletea maji ya kunywa, na moyoni alijua kwamba habari za ubatizo zimeshafika Lusewa.

*

Jumamosi ile Jumanne alikuwa abatizwe. Jumatatu ya Pasaka yeye na Mektilda walikuwa wafungishwe ndoa kanisani, pamoja na jozi nyingine za parokia. Waliishi pamoja tangu ujana kwa ndoa ya nyumbani, ya mahari na baraka za wazee wa upande mmoja, na kwa muda wote huo Mektilda hakukomunika, hakupokea Mwili wa Bwana. Kila Jumapili aliwahi kanisani kuliko wengi. Aliimba, alitoa sadaka, aliosha vitambaa vya altare zamu yake ilipofika. Lakini watu waliponyanyuka kwenda kupokea, yeye alivuta magoti pembeni ili wenzake wapite. Walipita wasichana aliowaona wakinyonya. Walipita na walevi waliotoka kuungama jana. Wengine walimkanyaga vidole na kusema samahani Mama Careen, na yeye akisema pita tu mwanangu.

Jumanne alimngojea nje na baiskeli, kila Jumapili, mvua na jua. Siku moja mwaka juzi walipokuwa wanarudi Mjimwema, alisema bila kugeuka, "Nimechoka kukusubiri nje." Mektilda hakumwuliza maana yake, aliogopa kuliharibu neno. Jumapili iliyofuata mumewe alikaa benchi la nyuma, na baadaye akaandikishwa mafundisho kwa katekista Romwaldi.

Katekista alipowaambia wanafunzi wake wajitafutie majina, Jumanne alimwambia mkewe, nichagulie wewe. Mektilda hakuwaza mara mbili. Akasema Amedeus. Lilikuwa jina la baba yake mzazi, mzee wa Kingoni mwenye msimamo, aliyekufa bila kukanyaga uani kwao kwa kuwa binti yake alichukuliwa na mtu wa nje ya Kanisa. Mektilda aliona amewapatanisha. Yule aliyekataa na yule aliyekataliwa watakaa ndani ya jina moja. Jumanne aliposikia alitikisa kichwa polepole, na yeye akalichukua hilo kuwa ni kukubali.

*

Jioni walikaa kula mapema. Ashura alinawa, akamega tonge, akalishika tu.

"Dini ni yako na Mola wako," alimwambia mdogo wake. "Mimi sikuja kugombana na padri. Nimekuja kumuulizia babu yangu. Ukishamwagiwa hayo maji, yeye anabaki wapi?"

Jumanne alichovya tonge kwenye mchuzi, akala. Alikuwa mtu wa kutafuna maneno ya wenzake muda mrefu kabla ya kutoa lake. Ikabidi Mektilda aseme yale aliyofundishwa tangu utoto: kwamba ubatizo ni kufa na kuzaliwa, kwamba mtu wa kale anabaki majini na anayetoka ni mpya, na mpya anapewa jina lake.

"Na hilo jina ni lipi?"

"Amedeus."

"Ndiye nani?"

"Ni mtakatifu."

"Wa huko mbinguni nimekuelewa, wifi. Hapa chini kwenu, Amedeus ni nani?"

Mektilda alipunguza sauti. "Marehemu baba."

Ashura aliweka tonge chini. Alimtazama wifi yake, akamtazama mdogo wake, na cheko likamtoka puani kabla hajalizuia. Kwenye mkeka palikuwa na mjukuu wao, mtoto wa Careen, anachezea mfupa wa samaki. Aliitwa Walburga.

"Wifi, huyu mtoto unamwitaje?"

"Mama."

"Kwa sababu gani?"

"Ana jina la mama yangu."

"Mchana amemwaga ndoo nzima ya maji. Ulimchapa?"

"Mama hachapwi, wifi. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza." Ashura alimnyooshea kidole Jumanne bila kumwangalia. "Haya, huyu akitoka huko kanisani na jina la baba yako, utamwita nani? Na wewe utalala wapi?"

Jumanne alipaliwa. Alikohoa mpaka macho yakatoka maji, Mektilda akampiga mgongoni, kisha mkono wake ukasita katikati ya hewa, kwa sababu ghafla hakujua kama anampiga mgongoni nani.

*

Kesho yake Mektilda aliamka akajikuta amelala mkekani na mjukuu. Hakukumbuka kuamua hivyo. Jumanne alikunywa chai yake bila sukari, hakulalamika, akaenda kibandani kwake kwenye baiskeli za watu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Nyumba za Mjimwema zimebanana, na cheko la Ashura lilikuwa la mtu aliyezoea kuita watu shambani. Mama Esteria, mwenyekiti wa Jumuiya yao ya kanisa pale mtaani, alifika kuchukua mabakuli ya sherehe, akamwuliza Mektilda kwa uso mkavu kabisa kama Jumatatu wanakuja kumwoza kwa mume au kumkabidhi kwa baba. Akina mama waliokuwa naye waligeukia ukutani kuficha kicheko. Kisha Mama Esteria akamshika bega, akamwambia asijali, ni utani tu, ila keki imeshaagizwa na jina la kuandikwa juu yake limeshatajwa, sasa wasije wakalibadili dakika za mwisho.

Mektilda alitabasamu inavyopasa. Walipoondoka alivaa kanga safi akaenda kanisani, akamkuta Romwaldi anasugua beseni la kuoshea miguu ya watakaokaa mahali pa mitume kwenye ibada ya Alhamisi Kuu jioni ile.

Alimweleza yote, hakuacha hata lile la kulala wapi. Romwaldi alikuwa kijana mwenye heshima. Alisikiliza akiendelea kusugua mahali palipokwisha takata. Akamwambia, mama, jina la ubatizo linampa mtu msimamizi wa kumwombea, halimgeuzi kuwa mtu mwingine. Mektilda akamwuliza mbona basi mnasema mtu wa kale anakufa. Romwaldi akasema anakufa kwa dhambi. Mektilda akauliza, na babu yake aliye ndani ya jina, ambaye dhambi zake si hizi, anakufa naye? Romwaldi akaacha kusugua.

"Mama, tuangalie Maandiko. Simoni alipewa jina la Petro."

"Na kabla yake Petro alikuwa nani?"

"Hakuwa mtu. Lilikuwa neno tu la jiwe."

"Hakuna marehemu aliyeitwa hivyo kwao?"

"Nijuavyo mimi, hakuna."

Paroko alikuwa anapita na mavazi meupe mkononi, akasimama. Alisikia mwisho wa maneno, akauliza, akaelezwa. Akacheka kwa upole, akasema mzee akipenda abaki na Jumanne yake, abaki nayo. Si jina baya, halimtukani Mungu, sheria haimlazimishi mtu. Akaenda zake.

Mektilda alisimama pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Ikiwa linaweza kubaki, basi jipya lilikuwa la nini? Kama jina ni nguo tu ya kanisani, kwa nini yeye mwenyewe anamwita mtoto wa miaka minne mama na anamwogopa? Na kama jina ni mtu, alikuwa amekaribia kufanya nini na mzee wake aliyelala makaburini Peramiho? Njiani likamjia jingine baya zaidi. Akilinyamazia hili la paroko, na mumewe akabatizwa Amedeus, Ashura ataondoka na hasira lakini Jumatatu itafika. Akilisema, huenda Jumanne akaona hakuna haja ya mabadiliko, akaahirisha, na mwaka mwingine wa kuvuta magoti pembeni utaanza. Alitembea hatua fupifupi ili nyumba isifike upesi.

*

Alilisema. Alikuwa mtu wa kusali, na ulimi wake haukujua njia nyingine. Alimkuta Jumanne kibandani, akakaa juu ya kasha la vyuma, akamweleza la Romwaldi na la paroko, yote mawili, bila kuongeza chumvi. Jumanne alikuwa anaziba mpira wa ndani. Alisubiri gundi ikauke.

"Nikibaki Jumanne," alisema, "nitamwingiza babu majini. Yeye hakuomba. Alikufa anaswali."

"Na Amedeus?"

"Nilidhani kwenu jina la kanisani halina mtu ndani yake. Nikanyamaza. Kumbe lina mkwe wangu." Alibonyeza kiraka kwa kidole gumba. "Huyo Petro, umesema kabla yake hakuwa mtu?"

"Romwaldi ndivyo alivyosema."

"Basi na mimi nitafutieni lisilo na mtu."

Walimtafutia. Jirani yao Tadei, aliyekuwa msimamizi wake wa ubatizo, alileta kalenda ya watakatifu, akakaa mlangoni anasoma kwa sauti, na kila jina Jumanne akiuliza, huyu yupo? Gaspari? Yupo, shemeji wa Peramiho. Romwaldi? Katekista mwenyewe. Ashura alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua, kimya, lakini kila jina la upande wa Lusewa lililopita, maana kule nako walikuwapo Wakristo, pepeto lake lilisimama kidogo. Tadei alikauka koo. Mwisho akasoma Aidan. Mektilda alifikiri. Kwao hakuna. Wote wakamtazama Ashura.

"Hata sijawahi kulisikia," alisema Ashura, na akaendelea kupepeta.

*

Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, Mektilda alikuwa jikoni akimpa mtoto uji. Kupitia mlango aliona mumewe anatoka chumbani na kile kitambaa cheupe alichofungwa utotoni, kilichokuwa kimegeuka rangi ya chai. Alikuwa amekiviringa kwenye kiganja. Ashura alikaa mkekani anafunga kikapu chake.

Jumanne alichuchumaa mbele yake, akakitoa kitambaa kwa mikono miwili.

"Mrudishe nyumbani," alisema. "Alikuja kwangu Mwislamu, aende vilevile. Atakayezaliwa mpeni."

Ashura alikipokea. Alikitandaza pajani, akakikunja, akakikunjua tena. Mektilda alishika kijiko hewani, mtoto akakifuata kwa mdomo wazi kama kinda.

Ndipo Jumanne akateremsha magoti yote mawili chini. Mtu wa mvi, fundi anayenyoosha rimu iliyopinda kwa mikono mitupu, alipiga magoti kwenye vumbi la ua wake mwenyewe na kusema, "Shikamoo, dada."

Kuku walikuwa wanaparua kando ya banda. Ashura alimtazama. Kwa jinsi uso wake ulivyokuwa ukihangaika, ungedhani ameulizwa swali kwa lugha ya nchi nyingine.

"Hilo," alisema mwisho, "mimi sijui kuliitikia."

Alinyanyuka, akajifunga mtandio, akatoka nje ya ua akasimama barabarani akiwa amewapa mgongo. Jumanne alisimama, akajipangusa magoti. Mektilda hakujua aende kwa yupi. Alikwenda kwa Ashura, akasimama pembeni yake. Ashura alisema kwamba alimbeba mgongoni yule mtu akiwa na uzito wa babu mzima, na sasa ameambiwa alikuwa amebeba mtoto tu.

*

Jumamosi asubuhi wakatekumeni, wale wanafunzi wa ubatizo, walipangwa mbele ya altare kutaja majina yao. Walianza vijana. Zamu ya Jumanne ilipofika, alisema Aidan, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. Mama Esteria aligeuka benchi la mbele, akamtazama Mektilda.

"Na keki?" alinong'ona.

Akabatizwa usiku, katika mkesha wa Pasaka. Mektilda aliona maji yakimteremka shingoni, akaona akifutwa kichwa, akavikwa shati jeupe. Alingoja furaha ile aliyoilimbikiza miaka yote. Ilikuja, lakini ilikuja na mgeni. Waliporudi nyumbani watu wa Jumuiya waliita Aidan, Aidan, wakampa mkono, na yeye aliitwa mara tatu ndipo akageuka. Mektilda alimwona anavyotabasamu kwa kuchelewa, kama mtu aliyehamia nyumba ambayo hajui swichi ya taa iko ukuta gani.

Ashura hakuondoka. Alisema mabasi yamejaa watu wa sikukuu. Hakumwita mdogo wake kwa jina lolote tangu Ijumaa ile. Alisema wewe, au alisema huyo.

*

Jumatatu ya Pasaka jozi nne zilisimama mbele. Wao walikuwa wa mwisho kwa kuwa ni wakubwa kuliko wote. Ashura alikuja, alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mtandio wake, na kikapu magotini, na waliompisha walidhani ni mwuza vitu amepumzika.

Bwana arusi alisema sehemu yake vizuri. Paroko akamgeukia Mektilda.

"Mimi Mektilda," alianza, na maneno aliyajua, aliyasikia kwenye ndoa za wenzake mpaka angeweza kuyasema usingizini, "nakupokea wewe…"

Akanyamaza.

Hakuwa amesahau. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Careen, kama mwanamke yeyote mwenye adabu. Sasa kinywa chake kilitakiwa kutaja, na yule aliyetaka kumtaja hakuwapo. Aliyevuka naye njaa ya mwaka ule wa mahindi kuoza, aliyemngojea mvuani na baiskeli, alikuwa amekunjwa ndani ya kitambaa, kikapuni mwa Ashura kule nyuma, anasubiri basi la Lusewa. Huyu aliyesimama mbele yake ana umri wa siku mbili. Walikuwa hawajaonja njaa yoyote pamoja. Je, Mungu anamwozesha kwa nani? Na hii njaa yake ya miaka ya kula Mwili wa Bwana, ilikuwa kwa gharama ya nani?

Paroko alisubiri. Akamsogelea, akamnong'oneza jina. Mektilda alilisikia. Kwenye mabenchi watu walianza kukohoa, wale wa kukohoa kwa adabu. Macho ya mumewe yalikuwa yameanza kuogopa.

Huko nyuma benchi lililia. Ashura alikuwa amesimama, kikapu mkononi.

"Mwite, wifi," alisema, na sauti yake, ile iliyozoea mashamba, ilifika mbele bila kupandishwa. "Aidan. Mdogo wangu anaitwa Aidan. Mtoto asipoitwa hawezi kuja."

Watu wote waligeuka. Yeye hakumjali yeyote. Alikaa tena, akaweka kikapu magotini, akakikumbatia.

"Nakupokea wewe Aidan," alisema Mektilda, akayamaliza yote kwa pumzi moja, kama mtu anayevuka mto akiwa hataki kutazama maji.

Kisha Misa ikaendelea kama Misa zote. Mstari uliponyanyuka, hakuna aliyemkanyaga, maana yeye na mumewe walikuwa wa mbele. Alisikia paroko akisema Mwili wa Kristo, akasema Amina, akapokea, na ladha yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokumbuka tangu usichana, karibu si kitu, karatasi iliyoyeyuka. Akarudi mahali pake. Pembeni yake yule mtu alipiga magoti na uso viganjani, na bega lake lilikuwa bega lile lile, limeinama upande wa kulia kwa ajili ya kuinamia baiskeli za watu.

Mektilda aliinamisha kichwa ili amwombee mumewe, jambo alilofanya kila siku ya maisha yake bila kufikiria. Akakaa hivyo wimbo mzima wa shukrani, midomo ikiwa tayari, akitafuta aanze kwa jina gani.